Kwa Gerarda Moto Umezimika

Maneno yale niliyasema mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, asubuhi, nikiwa na kandambili miguuni na ufagio mkononi. Kwa hiyo niacheni niyasimulie mimi, kabla hamjayasikia kwa Ntonia wa dukani, maana yule huongeza chumvi hata kwenye kahawa. Jina langu Vitina. Nina miaka sabini na moja, magoti mabovu, na hasira za karibu. Hilo la hasira kijiji chetu chote cha Pietrafosca kinalijua, hata padri.

Gerarda alikuwa komare wangu. Kwetu huku mlimani, ukimbeba mtoto wa mwenzio akabatizwa mikononi mwako, wewe na mama yake mnaacha kuwa majirani tu, mnakuwa makomare. Ndugu wa tumbo moja unaweza kumnunia mpaka kufa na watu wasiseme kitu. Komare humnunii. Mtoto wake wa pekee, Donato, nilimbeba mimi, akanikojolea gauni jipya mbele ya altare, na Gerarda alicheka mpaka padri akatukemea sote wawili.

Donato alipokwenda kufanya kazi Torino, kaskazini kabisa, na kuoa huko huko, nyumba ya Gerarda na mumewe Canio ilibaki na vyumba vitupu. Canio, mtu wa maneno machache na kofia moja, akavipaka chokaa. Gerarda akavitandika shuka za harusi yake, wakaanza kupokea wageni wa likizo. Wengi walikuja mara moja wakapotea. Waliodumu ni Hanneke na mumewe Wim, Waholanzi, warefu mpaka wanainama kwenye kila mlango wetu. Walikuja Septemba moja kwa siku tatu, wakakaa kumi na tano, na tangu hapo kila Septemba tukawa nao.

Hawakutaka kuonyeshwa makanisa wala magofu. Walitaka kula, na kuishi kama sisi. Wim aliamka na Canio kwenda kukama mbuzi, akarudi na maziwa nusu kwenye ndoo na nusu kwenye viatu. Mchana alikaa na Canio na wazee wengine mlangoni pa baa kucheza karata. Anashindwa, anawanunulia divai, anashindwa tena. Wazee walimpenda kufa. Hanneke yeye alikuwa mtu wa jikoni. Alijifunza kuviringisha tambi kwa kijiti cha chuma, alijifunza kukoroga jibini ya mbuzi, alijifunza kupangusa sahani kwa kipande cha mkate mpaka inang'aa kama haikuliwa. Kilichomshinda ni lugha yetu tu. Aliisema kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, neno hapa, neno kule, katikati maji matupu.

"Hanneke, umeshiba?" Gerarda alikuwa akimuuliza.

"Shiba hapana. Furaha ndiyo," anajibu, na anasogeza sahani aongezwe.

Mimi nilikuwa pale kila jioni, maana nilikuwa mjane na kwangu hakuna wa kumpikia. Tulipika wawili, tukazozana wawili, tukala na wageni chini ya mzabibu. Ile ilikuwa miaka mizuri. Nilidhani haitakwisha.

Chakula walichokipenda kuliko vyote ni pilipili zetu. Si zile za kuwasha. Ni hoho nyekundu, ndefu, tamu, ambazo tunazitunga kwa uzi na kuzining'iniza ukutani tangu Agosti mpaka zikauke na mbegu zicheze ndani. Unazitia kwenye mafuta ya zeituni ya moto, unahesabu moja, mbili, tatu, unatoa. Ukihesabu nne zimekuwa chungu. Ukihesabu mbili unatafuna kiatu. Zikitoka sawa, zinavunjika mdomoni kwa kelele, unanyunyiza chumvi, na huachi mpaka sahani iishe. Hesabu hiyo nilimfundisha Gerarda mimi, kwenye jiko langu, mwaka alioolewa, maana alikuja kwa Canio hajui kukaanga hata yai.

Sasa, jioni moja ya mwisho wa likizo yao, Hanneke, mdomo umejaa, akauliza, "Gerarda, pilipili hii, nani fundisha wewe?"

Mimi nimesimama pale pale, kikaango mkononi, jasho linanichuruzika. Gerarda akajifuta mikono kwenye aproni, akasema kwa sauti ya kanisani, "Huu ni mkono wa marehemu mama yangu."

"Mama yako?" nikasema. "Mama yako aliyekuwa anaunguza maji?"

Meza nzima ikacheka. Hata Canio alicheka, na Canio hakuwa mtu wa kucheka. Nadhani hilo ndilo lililomuuma Gerarda.

"Komare, marehemu mama yangu usimtie mdomoni."

"Umemtia wewe. Mimi nimetia pilipili."

"Basi chukua pilipili zako uende nazo!"

Nikazichukua. Haki ya Mungu, nilichukua sahani nzima mbele ya wageni, nikatoka nayo, nikazila peke yangu jikoni kwangu nimesimama, mpaka tumbo likaniuma.

Mwaka mzima hatukusemeshana. Kanisani yeye alihamia upande wa kushoto. Dukani nikimkuta, nilikumbuka nimesahau kitu nyumbani. Canio peke yake ndiye aliyeendelea kupita kwangu. Ananiwekea zabibu ukutani, anagusa kofia, anakwenda zake. Mara moja tu alifungua kinywa. "Nyie wanawake," alisema, "mpaka mnizike mimi ndipo mpatane." Nikamwambia aende akakame mbuzi wake aniache.

Niseme na habari ya moto, maana mambo yote yamesimama hapo. Nyumba ikifiwa, kwetu moto hauwashwi humo siku tatu. Si wa kuni, si wa gesi, si hata wa kahawa. Wafiwa hawapiki, wanaletewa. Wa kwanza kuwaletea ni komare, na hakuna anayemtangulia, hata awe dada wa marehemu, kwa sababu kumtangulia ni kumtangazia mbele ya kijiji kwamba hana utu. Komare anachinja kuku, anachemsha supu, anafunika chungu kwa kitambaa cheupe, anapita nacho katikati ya njia watu wakimwona. Akishapita yeye, ndipo milango mingine inafunguka na vyungu vingine vinafuata. Lakini komare hajipeleki. Anaitwa. Wafiwa wanamtuma mtu kabla kengele haijalia, kabla maiti hajavishwa, ili komare ajue wa kwanza, kabla ya mtu yeyote. Na anayetumwa hataji kifo. Anasema tu, "Kwa fulani moto umezimika."

Mume wangu Rocco alipofariki, miaka kumi na moja kabla ya ule ugomvi, nilimtumia Gerarda maneno hayo. Alikuja na chungu nywele hazijafungwa. Mimi nilikuwa nimekataa kula, nimegeukia ukuta, nimekaza meno. Akaketi mbele yangu na kijiko, akasema, "Fungua mdomo, komare, au nakuziba pua kama mtoto." Na kweli alinibana pua. Nilikunywa ile supu nalia na kucheka, na ndiyo iliyoniweka hai. Hayo nilikuwa nayajua vizuri asubuhi ile, na ufagio mkononi.

Ilikuwa Septemba tena. Nafagia ua, saa moja haijatimia, namwona Hanneke anakuja na kofia yake ya majani na kikapu cha tini, anatabasamu. Hakuwa anajua chochote. Gerarda alikuwa amemkuta mlangoni anatoka kutembea, akamtuma kwangu, basi. Na mimi sikuwa najua kwamba Gerarda amemwacha mumewe kitandani amepoa.

"Vitina! Asubuhi nzuri! Gerarda sema..." Akasimama, akakunja vidole kuhesabu maneno yasimpotee. "Gerarda sema: nyumbani moto kwisha. Moto hakuna. Wewe kuja."

Mimi nina mtungi wa gesi wa akiba. Kijiji kizima kinajua kwamba Vitina hakosi mtungi wa akiba, na kila mtu ashawahi kuja kuuazima. Damu ikanipanda. Ebo! Mwaka mzima sifai hata salamu, leo jiko limemzimikia ndiyo nafaa? Na haji mwenyewe, ananitumia mgeni!

"Hanneke," nikasema, "sikiliza vizuri, ufikishe kama nilivyosema. Mwambie, moto ukizimika, anunue gesi."

Akarudia polepole, midomo inacheza. "Moto zimika, nunua gesi."

"Hapo hapo."

"Asante, Vitina!" Akachuma tini mbili kwenye mti wangu, akanipungia mkono, akaenda. Nikamaliza kufagia ule ua kwa raha zangu.

Saa nne kengele ya msiba ikalia. Ntonia akatoa kichwa dirishani akapiga kelele njia nzima isikie. "Ni Canio! Canio wa Gerarda! Kakutwa kitandani asubuhi, kalala vile vile alivyolala!"

Nikakaa chini kwenye ngazi. Nawaambieni ukweli, maana sina sababu tena ya kuuficha. Kitu kilinichoma pale pale. Maneno ya Hanneke yalinirudia, nyumbani moto kwisha, nikayasikia kama yanavyotakiwa kusikika. Muda wa kuvuta pumzi moja tu nilielewa. Halafu nikayasukuma. Kwa sababu ningeyaelewa, ningekuwa mwanamke aliyemwambia komare wake, mume amelala maiti ndani, akanunue gesi. Ilikuwa rahisi zaidi kujiambia, yule alikuja kwa habari ya gesi kweli. Gerarda hajaniita. Mimi, komare, nimesikia kwenye kengele pamoja na kuku na mbuzi. Nikaikumbatia hiyo, na nilivyoikumbatia ndivyo ilivyozidi kuwa kweli.

Kuku nilichinja hata hivyo. Supu nikaichemsha, nikatia figili na karoti, nikafunika chungu kwa kitambaa changu cheupe, kile chenye herufi V niliyoidarizi nikiwa msichana. Nikakaa mbele yake kungoja kuitwa.

Adhuhuri Ntonia akachungulia. "Vitina, chungu chako hakijaiva? Sisi sote tunakungoja wewe upite."

"Sijaitwa."

"Hujaitwa?" Akajiziba mdomo. "Hajamwita komare wake! Mama wee!"

Basi, nusu saa haikupita Pietrafosca nzima imeshajua. Na wakanihurumia mimi. Hakuna mlango uliofunguka. Kila nyumba ilikuwa na chungu chake mezani, maharage, tambi, nyama ya kondoo, na kila nyumba ilikaa kimya ili isinipite. Kwa kunistahi mimi, wale watu wakamwacha mjane na njaa.

Kesho yake tulimzika Canio. Nilisimama nyuma kabisa karibu na mlango. Donato alikuwa amefika usiku na mkewe, amemshika mama yake kwapani. Walipokuwa wanatoka, Gerarda aligeuza kichwa akawa anatafuta kwenye watu, akanipata. Akanitazama usoni, kisha akanitazama mikono. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Nikadhani ananitazama kwa chuki. Nikainua kidevu.

Usiku ule supu niliichemsha upya isichache.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nimesimama uani, nikasikia harufu ya mafuta yanayokaangwa. Upepo ulikuwa unatoka kwa Gerarda. Sikuamini. Nikasogea mpaka kwenye ukuta, nikanusa tena kama mbwa. Mafuta ya zeituni, na pilipili zinazoungua. Nyumba ya msiba imewasha moto! Lo! Miaka sabini sijaona kitu kama kile. Nikakinyanyua chungu, na kitambaa chake, nikashika njia, hasira inanisukuma mgongoni. Nyuma yangu nikasikia milango inafunguka, mmoja baada ya mwingine, na viatu vya wanawake. Walidhani nimeitwa.

Jikoni kwa Gerarda Hanneke alikuwa mbele ya jiko, kikaango kinatoa moshi, machozi na masizi usoni. Wim alikuwa anakata mkate, vipande vinene kama matofali. Donato ameegemea ukuta. Kando ya jiko palikuwa na mtungi mpya wa gesi, lakiri yake bado inaning'inia. Na Gerarda, nguo nyeusi kuanzia kichwani mpaka miguuni, amekaa mezani mbele ya sahani ya pilipili zilizoungua, anakula.

"Karibu, komare," alisema.

"Umewasha moto," nikasema mimi.

Ndilo neno la kwanza nililomwambia baada ya mwaka mzima. Mumewe ana siku moja kaburini.

"Nimenunua gesi," akasema Gerarda. "Kama ulivyoniagiza."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejua la kufanya, kupaza sauti nakujua. Akaendelea kusema huku anaokota mbegu kwenye kitambaa cha meza, moja moja.

"Nilikuita, Vitina. Hata kidevu sijamfunga nilikuita. Mtoto wa watu akarudi na lile jibu lako. Nikasema moyoni, huyu mgeni, kavuruga maneno. Kengele ikilia Vitina ataelewa. Kengele ikalia. Donato akafika, akaniambia mama twende mjini tukale, mke wangu ana njaa. Nikamkataza. Nikamwambia kaa, Vitina anakuja, Vitina anachinja kuku saa hizi. Siku mbili namwambia mwanangu Vitina anakuja." Akavunja pilipili, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka mwisho. "Chungu kweli. Kahesabu mpaka kumi, maskini. Lakini kaniletea yeye."

Hanneke aligeuka, kikaango mkononi. "Mimi kosa? Mimi sema vibaya, Vitina?"

Hapo ndipo ningepiga magoti. Mabovu yangu haya haya, ningeyapiga. Nilikuwa na chungu mikononi, nilikuwa na watu mlangoni, nilikuwa na kila kitu isipokuwa adabu. Mdomo wangu ukasema, "Ungemtuma mtu anayejua kusema!"

"Nilimtuma aliyekuwa mlangoni," akasema Gerarda. "Mume wangu alikuwa amekufa."

Nikaweka chungu mezani nikatoka. Wanawake walinipisha. Hakuna aliyejua kama aingie au arudi na chungu chake, wakabaki wamesimama pale kwenye jua, supu zinapoa.

Chungu changu nilikikuta jioni kwenye ukuta wangu, pale pale Canio alipokuwa ananiwekea zabibu. Kimeoshwa, kinang'aa. Kama walikunywa au waliwamwagia mbuzi, sikujua. Kitambaa hakikurudi. Nikasema, kakitupa. Nikasema, ana haki.

Wiki iliyofuata Donato aliuza mbuzi, akafunga madirisha, akampeleka mama yake Torino. Niliwaona nikiwa nyuma ya pazia. Gerarda alifunga mlango, akaujaribu mara mbili kama kawaida yake, akatazama upande wangu kwa muda mrefu. Nilikuwa na hatua arobaini tu za kutembea. Najiuliza mpaka leo nilikuwa nangoja nini. Nadhani nilikuwa nangoja kuitwa.

Krismasi nilipiga simu. Akapokea mkewe Donato, Federica, akaniambia mama amelala. Pasaka nikapiga tena, mama amelala. Nikaacha.

Septemba Wim na Hanneke walirudi, wakaukuta ule mlango umefungwa, wakaja kwangu kuomba chumba. Niliwapa cha Rocco. Wim alikwenda baa, akakuta karata na kiti cha Canio kitupu, akarudi mapema. Jioni niliwakaangia pilipili, nikahesabu moja, mbili, tatu. Hanneke alikula, akapangusa sahani kwa mkate mpaka ikang'aa, akasema, "Kama Gerarda."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni mkono wa marehemu mama yake."

Nikaingia ndani kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Simu ililia mwezi wa pili, theluji imeziba njia mpaka dukani. Mchana, nimetoka kula. Ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Mama Vitina."

"Donato? Mwanangu?"

Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akasema polepole, kwa lugha ya kwetu, ambayo nilijua haisemi tena tangu aende huko: "Kwa Gerarda moto umezimika."

Nilisema, "Nakuja," nikakata simu.

Nilikuwa na kuku mmoja tu anayetaga majira yale, nikamchinja huyo. Supu nikaitia kwenye mitungi miwili ya kioo, nikaifunga ndani ya koti la sufu la Rocco, na alfajiri wazee wa baa wakanizolea theluji kwa koleo mpaka kwenye basi, bila kuniuliza naenda wapi, maana Ntonia alishawaambia. Treni ilichukua siku nzima. Nilikaa na ule mzigo mapajani kama nimepakata mtoto. Kijana mmoja akataka kuuweka juu kwenye rafu, nikamkaripia mpaka akahama behewa. Nilikuwa nalia, na watu wakilia huwa wanakaripia, angenisamehe.

Torino nilifika jioni. Ghorofa ya tano, lifti mbovu. Nilipumzika kila ngazi, nikapanda.

Federica alifungua mlango amevaa koti la nje na skafu, macho mekundu. "Umekuja kweli," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayeshtaki: "Tangu jana hatujawasha jiko. Hata kahawa. Hata maji ya chai. Alituapisha hospitali. Watoto nimewapeleka kwa mama yangu wakale. Mimi si mtu wa kwenu, mama, mambo haya siyajui. Alisema tu, msipike chochote, Vitina anakuja."

Jikoni palikuwa pasafi na baridi. Donato alikuwa amekaa mezani, nywele zimeanza mvi, nami nilimkumbuka na gauni langu jipya mbele ya altare. Hakuinuka. Mezani pametandikwa kitambaa cheupe, kimepigwa pasi. Nikasogea karibu. Kwenye kona kulikuwa na herufi V.

"Alikuja nacho?" nikauliza.

"Kilikuwa cha kwanza kuingia sandukuni," akasema Donato. "Na ile supu yako, siku ile, aliimaliza yote peke yake. Hakutupa hata tone. Alikunywa huku anakutukana."

Nikavuta kiti.

"Yale maneno alinifundisha wiki iliyopita," Donato akaendelea. "Kanirudisha mara tatu niyaseme sawasawa. Akaniambia, 'Yaseme hayo hayo, usipunguze wala usiongeze, asije akadhani ni gesi.'"

"Alisema hivyo?"

"Akacheka mpaka nesi akaja kutukemea."

Nilikaa. Nikalia pale mbele yao kama nilivyopaswa kulia jikoni kwake, kwa sauti, bila kidevu juu, na wala sikujali Federica ananionaje. Komare wangu alikuwa amenisamehe siku ile ile, kwenye chungu changu, na mimi nikakaa hatua arobaini nikingoja.

Kisha nikafungua koti la Rocco, nikatoa mitungi, nikapakua mabakuli matatu. Donato akasukuma la kwake.

"Siwezi, mama."

"Fungua mdomo," nikamwambia, "au nakuziba pua."

Akanitazama, akaufungua.

Supu ilikuwa imeganda kwa baridi ya njiani, mafuta yamekaa juu meupe. Federica akainuka kwenda kuipasha moto, nikamshika mkono. Akaketi. Tukaila hivyo hivyo.